Moto Uliolala Bila Upepo

Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango umefungwa, na moto wa mshumaa ulikuwa umelala ubavu.

Tina aliuona akiwa anasonga bukari, ugali wa huku, mwiko ukasita sufuriani. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kama ilivyo desturi yake hapa Kolwezi, mji unaotoa shaba ya kupitishia umeme wa dunia nzima na wenyewe unakula chakula cha jioni gizani. Mshumaa ulikuwa mezani, umebandikwa juu ya kifuniko cha kopo la maziwa. Moto wa mshumaa kulala si ajabu. Upepo ukipita hulala, hutetemeka, huinuka, hulala tena. Huu haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa umenyooka kuelekea kitanda cha pembeni, mwembamba na mrefu kuliko kawaida yake, ncha ikitoa uzi wa moshi, na nta ilikuwa imeyeyuka na kumwagika upande ule ule mmoja.

Kitandani alikuwa amelala Mbombo, mama mkwe wake, mwanamke wa Kasai aliyeletwa mjini humu na mume mfanyakazi wa mgodi, naye akamzika mume huyo humu humu. Kwapani mwake alikuwa amejikunja Fifi, binti pekee wa Tina, ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa bado yote mdomoni. Tina alimpata mtoto huyo baada ya mimba nyingi kuharibika. Mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka ugomvi na Tina, mguse Fifi.

Katika nyumba nyingine mtu angeinuka akaziba ufa, watu wakaendelea kula. Lakini hii ilikuwa nyumba ya wachimbaji, na wachimbaji hawauangalii moto kama mimi na wewe. Mtaa ule kobalti imelala chini ya vitanda vya watu. Mtu anakunja mkeka, anavunja saruji ya chumba chake mwenyewe, anashuka. Kanyinda, mume wa Tina, alikuwa amechimba chumba cha pili, na shimo lilifunikwa kwa mbao kila aliposikia kwamba watu wa serikali wanapita. Hewa ilifika chini kwa mpira mrefu kutoka kwenye feni ya kuzungusha kwa mkono, na mzungushaji alikuwa Tina. Kule chini hubandikwa mshumaa ukutani, si kwa ajili ya mwanga, maana taa wanazo kichwani, bali kwa ajili ya kujua hewa. Moto ukifupika na kuwa wa buluu, panda haraka. Ukilala, unaukimbia upepo wa feni, na ncha yake inaonyesha upepo unakokwenda. Hiyo ndiyo elimu yao, na imewaokoa wengi. Ubaya wake ni kwamba chini kule upepo hausafiri ila kwa kusukumwa, basi hawakuwahi kufikiri kwamba upepo unaweza kusafiri kwa namna nyingine.

Tina alimwita mumewe kwa sauti ndogo. Kanyinda alikuja, akauangalia moto, akalowesha kidole mate na kuzunguka chumba akitafuta ufa. Hakupata. Hakurudi kuuangalia tena.

"Ni mutu anachimba chini yetu," alisema. "Mupepo inatoka mu mashimo ya bantu. Kula."

"Mupepo gani haitikisi moto, tata Fifi?" Tina alimuuliza baba wa mtoto wake.

Kanyinda alikula bukari yake ameupa mshumaa kisogo, na Tina, aliyemjua tangu ujana, aliona kwamba anameza bila kutafuna.

Kulikuwa na sababu, na sehemu ya sababu hiyo Kanyinda alikuwa amekwisha kuisimulia mwenyewe kwa majivuno. Majuma machache nyuma nyundo yake iligonga ukuta wa galeri, ile njia ya chini kwa chini, ukalia utupu. Feni ilikuwa imesimama kwa mapumziko, na bado moto wa mshumaa ulilala kuelekea ule ukuta. Sheria ya wachimbaji inasema hapo uache, uzibe, uchimbe upande mwingine, kwa kuwa nyuma yake kuna shimo la mtu, au la mtu aliyekufa. Kanyinda hakuacha. Alitoboa tundu la kutosha beseni, akamulika, akaona chumba kidogo cha mawe kisicho na nguzo, kisicho na alama ya sururu, wala njia ya kuingilia. Kuta zake zilikuwa nyeusi kwa kobalti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Kanyinda alikuwa amechimba, na kuhusu nani aliingia hakusema neno.

Asubuhi baada ya jioni ile ya mshumaa Mbombo hakuamka. Alikutwa mdomo wazi, macho wazi, mashavu yamebonyea ndani, midomo imekuwa ya buluu. Fifi alikuwa bado kwapani mwake, amelala usingizi mzito, ana joto, ana afya. Majirani walisema ni uzee, wakalia kilio, wakala, wakaenda. Tina peke yake ndiye aliyesikia harufu chumbani, ile harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, na katika chumba kile hakuna aliyekuwa amewasha mshumaa tangu jioni.

Walimwita mchungaji wa kanisa lao aje kuisafisha nyumba. Akaja na waimbaji wake, wakajaa chumbani, wakaimba, wakapiga makofi, wakarusha mikono, na moto wa mshumaa ukaruka huku na kule kwa pumzi za watu wote wale kama kuku aliyekatwa kichwa. Mchungaji akatangaza kwamba pepo anatapatapa. Kisha akala wali na kuku, akaondoka ameridhika.

Walipokwisha kutoka wote na mlango kufungwa, moto uliinuka kidogo, ukasimama wima kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, kisha ukalala. Fifi alikuwa amekaa sakafuni, akimvalisha mwanasesere wake kitambaa. Ncha ya moto ilimwelekea yeye.

Tina aliketi chini taratibu. Alianza kusikia kitu ambacho huenda kilikuwapo siku zote, sauti nyembamba sana, ya hewa inayopita mahali padogo, ikivuta, ikavuta, ikavuta, na haikufika mahali ikatoa, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo yeye mwenyewe alivyozidi kusahau kupumua, hadi kifua kikamwuma akashtuka na kukohoa. Akafanya hesabu ambayo kila mama mtaani pale angeifanya: moto ulilala upande wa Mbombo, Mbombo akafa, sasa umelala upande wa Fifi. Kuna kitu kinapuliza, na ncha inamwonyesha kinayemtaka.

Alimweleza mumewe hivyo hivyo. Kanyinda alimziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme ile maneno mu nyumba," alinong'ona. "Usiseme kabisa." Tangu siku hiyo alihamishia godoro lake kwenye chumba cha shimo, akasema analinda mawe yasiibwe. Tina aliamini. Mtu mwenye hofu kubwa hana nafasi ya kuchunguza hofu ya mwenzake.

Siku zikapita, na kila jioni moto ulilala upande wa Fifi. Tina aliuzima, akauwasha, akabadilisha mshumaa, akahamisha meza. Alimfunika mtoto blanketi. Moto ulilala juu ya blanketi. Siku umeme ulipokuwapo alishukuru Mungu, na ulipokatika alishika kiberiti, kwa kuwa kutojua kulikuwa kubaya zaidi ya kujua.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia Glodi, mdogo wake Tina wa tumbo moja, kijana mwenye mabega mapana aliyefanya kazi shimoni na shemeji yake. Alikuwa mcheshi, mlaji mkubwa, na Fifi alimpenda kuliko mtu yeyote. Jioni moja alikuwa ameketi karibu na mlango, sahani ya sombe ya majani ya muhogo magotini, akimtania dada yake kwamba chumvi imepanda bei tangu aolewe na mtu wa Kasai, ilhali wao wenyewe ni Wakasai watupu. Fifi alikuwa amelala kwenye mkeka upande wa pili wa chumba, chini ya dirisha. Mshumaa ulikuwa katikati yao, na moto ulikuwa umemlalia mtoto.

Tina aliangalia moto. Akamwangalia mdogo wake. Tangu asubuhi hadi jioni kazi yake ilikuwa kusukuma upepo ndani ya mpira. Hakuna aliyehitaji kumfundisha kwamba moto huukimbia upepo. Aliinuka kama anayekwenda kuchukua maji, akapita nyuma ya mtoto, akalisukuma dirisha upana wa kidole. Hewa baridi ya Julai ikaingia. Moto ukatetemeka, ukainuka, ukapinduka, ukalala upande wa Glodi.

Alisimama pale dirishani ameshikilia komeo. Mkono wake ulikuwa imara, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

"Yaya, unaniangalia sawa mutu anataka kuuzisha mbuzi," Glodi alimwambia dada yake huku anacheka.

"Kula," Tina alisema. "Kula tu, mudogo yangu."

Akabaki dirishani hadi mshumaa ukaisha wote. Sitamtetea. Wapo watakaosema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni kweli, lakini Glodi naye alikuwa na mzazi, na mzazi huyo alipokufa alimkabidhi kijana kwa Tina.

Kesho yake mchana Fifi aliamka anakoroma kifuani, pumzi zimekuwa fupi. Kanyinda alikuwa ametoka, na Glodi hakusubiri kuombwa. Alimbeba mtoto mgongoni, akamfunga kwa kitenge cha dada yake, akaanza safari ya zahanati, Tina akimfuata nyuma. Barabara ilikuwa imejaa malori yanayotoka upande wa Fungurume, vumbi jekundu limetanda. Mwanzoni Glodi alikwenda mbio. Fifi alikuwa ameegemeza uso shingoni mwake, mdomo umegusa ngozi. Kisha akapunguza mwendo. Kisha akaanza kutembea kama anayepanda mlima, ingawa barabara ile ni tambarare, na Tina alipomuuliza ana nini aliinua mkono tu, hana hewa ya kujibia, na bado anakwenda, bado anamshikilia mtoto kwa mikono yote miwili asije akamwangusha, shingo yake imekuwa ya kijivu na mishipa imesimama, na mtoto mgongoni anazidi kunyooka, anazidi kung'aa, hadi mbele ya lango la zahanati magoti yake yakakunjika taratibu, akakaa chini kwa uangalifu ili Fifi afike ardhini bila kuumia, na hapo alipokaa ndipo alipofia.

Fifi alijifungua kitenge mwenyewe. Pumzi zake zilikuwa zimetulia. "Tonton amechoka," alisema kuhusu mjomba wake.

Tina alilia kilio cha mdogo wake hadi sauti ikakauka, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na furaha ndogo, chafu, iliyojificha kama panya. Kimeshalipwa kile kitu, alijiambia. Kilitaka mtu, kimepata mtu. Mwanangu amepona.

Jioni baada ya mazishi aliwasha mshumaa. Moto ukalala upande wa Fifi.

Ndipo alipokwenda kwa Aruna. Aruna alikuwa na duka la matairi kando ya barabara ya malori, mtu wa ukoo wa Kasongo, mwenye ndevu nyeupe na mikono yenye grisi, na watu walijua kwamba nyuma ya matairi hayo anasomea wagonjwa Kurani. Mkristo wa kanisa la Tina akionekana kwake hutengwa. Tina alijifunika kitenge hadi usoni, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamweleza kila kitu isipokuwa dirisha. Aruna alimsikiliza bila kumkatiza. Akamwambia asirudi peke yake, akafunga duka, akaandamana naye.

Ilikuwa alasiri. Kanyinda alikuwa amekwenda kuuza mawe. Aruna aliomba nguo kuukuu, akaziba kwa mikono yake kila mwanya: chini ya mlango, kingo za madirisha, tundu la funguo, hata nyufa za mbao zilizofunika shimo. Chumba kikawa giza. Akawasha mshumaa mezani, akamwambia Tina asimame kando na apumulie ndani ya kitambaa. Yeye mwenyewe akafanya vivyo hivyo. Kisha akamwomba Fifi, kwa upole wa babu, azunguke meza polepole.

Fifi alizunguka. Na moto ulizunguka naye.

Alipopita upande wa mlango, ncha ilikuwa mlangoni. Alipofika dirishani, ncha ilikuwa dirishani. Alipoanza kuona ni mchezo akakimbia, na moto ukakimbia naye mezani, umelala, umenyooka, hautikisiki, nta ikimwagika duara zima, na ile sauti nyembamba ikavuta bila kukoma, na Tina, ambaye alikuwa anasubiri moto umwonyeshe adui yuko wapi ili amrukie, alielewa jambo fulani kwa ngozi kabla ya kulielewa kwa akili, akaanza kulia ndani ya kitambaa.

"Mama Fifi," Aruna alisema taratibu, "nani alikuambia kama inapuliza?"

"Bachimbaji bote banajua. Moto inakimbiaka mupepo."

"Bachimbaji banajua mupepo ya feni. Hii haipulize. Hii inavuta. Moto inaenda kwenye kinywa yake."

Alimwita mtoto, akampakata. Tina aliona kwamba mzee amegeuza uso wake pembeni, na kwamba anapumua kidogo kidogo. Alimuuliza Fifi ni nani aliyemwingiza mahali pa mawe.

"Tata," Fifi alisema. "Alisema tundu iko kadogo, na mi niko kadogo. Alinipa buji, sawa ile ya mu meza, akasema niende nione kama inazimika. Alininunulia biskuti, nisiambie mama."

"Na mule ndani kulikuwa nini?"

"Mutu. Aliniomba mupepo kidogo tu. Nikamupa."

Hapakuwa na sauti chumbani isipokuwa ile nyembamba ya kuvuta. Aruna alimshusha mtoto, akamwambia akacheze uani, akafungua dirisha na kusimama mbele yake akivuta hewa kama mtu aliyetoka majini. Kikulacho ki nguoni mwako. Tina alikuwa amekivalisha nguo kila asubuhi, amekifunga vifungo, amekibusu.

Baadaye mzee alisema. Aliye ndani ya mtoto ni jini wa chini ya mawe, wa mahali pasipo hewa, na kwa kuwa hana pumzi yake mwenyewe huishi kwa pumzi ya mwingine. Anaweza kumtoa. Alikwisha kuwatoa wengine.

"Lakini sikia muzuri, mama. Mutoto hana mupepo yake tena. Ile inapanda na kushuka mu kifua yake ni mupepo ya bantu alikula. Siku nitaitoa ile kintu, itatoka na yote. Utazika."

"Na kama haitoke?"

"Itakula mwenye kulala karibu naye. Kisha mwingine."

Tina alimuuliza kuhusu mtu aliyefungua dirisha ili moto umwelekee mwingine, kama mtu wa namna hiyo ameua. Aruna akamjibu kwamba upepo wa dirisha ni upepo tu, haumtumi jini. Alitaka kumfariji, mzee wa watu. Hakujua kwamba amemnyang'anya hata ule uongo mdogo aliokuwa ameshikilia, kwamba mdogo wake alikufa ili mwanawe apone. Glodi alikufa bure.

Neno, alisema Aruna, ni la baba wa mtoto. Yeye hawezi kumsomea mtoto dua ya namna hiyo bila baba yake kukubali kwa kinywa chake. Atakuja Ijumaa baada ya sala, amuulize Kanyinda.

Usiku ulipoingia Tina alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha shimo, ambako mumewe alikuwa amejilaza kwenye godoro lake. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu kama ni kweli alimwingiza Fifi mule ndani.

Kanyinda aligeukia ukuta. "Tundu ilikuwa kidogo tu," alisema. "Mi singepita. Glodi hangepita. Nani angeingia?"

"Na ulijua?"

"Alitoka na macho ingine. Nilijua."

Alijua Mbombo, mama yake mzazi, akilala na mtoto huyo kwapani. Alijua Glodi akimfunga mgongoni. Akahamisha godoro lake, akanyamaza. Tina alimweleza maneno ya Aruna yote, hata lile la kuzika, akangoja. Huenda kama mume wake angelia, au angesema tutafute njia nyingine, hadithi hii ingeishia mahali pengine.

"Muzee akuye Ijumaa," Kanyinda alisema. "Nitaitika. Tutazaa mwingine."

Tina alisema sawa. Akaenda kumfunika mtoto.

Ijumaa asubuhi Kanyinda aliona heri ashuke kazini, kuliko kukaa nyumbani akitazamana na mtoto. Alimwambia mkewe azungushe feni kwa nguvu, kwa kuwa anakwenda mwisho wa galeri. Tina alimkabidhi kamba, akamshikia mbao, akamwangalia kofia yake ikizama gizani. Alizungusha feni vizuri, kama siku zote, hadi sauti ya nyundo ikaanza kusikika mbali chini.

Kisha akamwita Fifi kutoka uani. Akaufungua mpira kwenye feni, akaukunjua, akaupangusa ncha kwa kitenge chake ili uwe safi.

"Tata yako iko humu," alimwambia. "Ongea naye. Weka kinywa karibu."

Fifi alifurahi. Alikaa chini, akaweka mpira magotini, akaufunika kwa midomo yake midogo. Mpira ukashtuka, ukabonyea, ukanyooka sakafuni kama uzi unaovutwa. Tina alipiga magoti kwenye ukingo wa shimo. Nyundo ilinyamaza. Kutoka chini ikaja sauti ya mumewe, haina wasiwasi bado, sauti ya mtu wa kazi anayetoa taarifa.

"Tina. Buji inalala upande ya mupira."

Alishika ukingo kwa mikono yote miwili. Bado kulikuwa na nafasi. Angeweza kumnyang'anya mtoto mpira, angeweza kurusha kamba. Alimtazama Fifi, mashavu yake yameanza kuwa mekundu, vidole vya miguu vinacheza kwa raha.

"Iko muzuri, tata Fifi," aliita kwa upole. "Endelea na kazi."

"Tina, zungusha."

"Ninazungusha."

Kanyinda alimwita tena, halafu tena, kila mara kwa jina fupi zaidi, na kati ya wito na wito kulikuwa na mikwaruzo ya mtu anayetambaa kurudi, inayokaribia, inayokaribia, na mwanga mdogo wa mshumaa ulionekana kwa mbali kule chini umelala chali, ukawa wa buluu, ukawa nukta, na harufu ya utambi ikapanda hadi puani mwa Tina, naye hakuinua goti wala kufumba macho, alibaki akiangalia hadi palipokuwa na nukta pakawa kitu kimoja na giza lingine lote.

Fifi aliinua kichwa. "Mama, tata ananyamaza."

"Amechoka," Tina alisema. Akaukunja mpira, akafunika shimo kwa mbao.

Aruna alibisha hodi baada ya sala, amevaa kanzu safi, kitabu kwapani. Tina alimfungulia mlango nusu. Mzee alimsalimu, akaulizia afya, akamuuliza baba wa mtoto yuko wapi, amekuja kusikia neno lake.

"Baba hakuna tena," Tina alisema. "Neno iko yangu."

Aruna aliangalia nyuma ya bega lake, akamwona mtoto amesimama mwekundu na mnene wa afya, akaziona mbao za shimo. Midomo yake ikasogea bila sauti. Akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi barabarani, na hakugeuka kuipa nyumba ile kisogo hadi alipofika kwenye malori.

Jioni umeme ulikatika. Tina hakuwasha mshumaa. Alifunga madirisha, akafunga mlango, akajilaza kitandani, akamvuta Fifi kifuani pake na kumweka uso shingoni, akamfunika vizuri miguu ili asipate baridi. Mtoto alimuuliza kama wanaweza kulala hivi kila siku.

"Hadi mupepo yangu itaisha," mama yake alimwambia. "Lala."